Kuchora Maeneo Makubwa ya Miti kwenye Ramani ya Kiwanja kwa Kompyuta: Mwongozo Kamili

Kosa ni lile lile kila mara. Mchoraji hupata alama nzuri ya mti kwenye intaneti, yenye majani na matawi yaliyochorwa kwa mistari mia tatu, kisha huinakili mara elfu mbili juu ya eneo la msitu. Siku ya kwanza kompyuta hustahimili. Siku ya pili kila anapovuta picha karibu hulazimika kusubiri. Siku ya kuchapisha, karatasi hutoka kwenye plota, yaani mashine ya kuchapisha ramani kubwa, ikiwa na doa jeusi pale palipokuwa na msitu, na kontua (mistari ya mwinuko wa ardhi), mipaka na maandishi yote yamezama humo.

Wengi hudhani dawa ni kuigeuza alama hiyo kuwa bloku, yaani umbo moja linalohifadhiwa mara moja na kurejelewa kila linapohitajika. Bloku husaidia, lakini si kwa kiasi wanachodhani. Faili huwa dogo kwa sababu umbo limehifadhiwa mara moja tu, ila kioo cha kompyuta na plota bado hulazimika kuchora kila mstari wa kila mti: mistari 300 mara miti 2,000 ni mistari 600,000, na hesabu hiyo haipungui kwa kuwa ni bloku.

Kanuni ya mwongozo huu ni moja. Mti huchorwa peke yake iwapo tu kuna uamuzi unaouhusu mti huo: utakatwa, utabaki, utahesabiwa, au jengo litaukwepa. Miti mingine yote huchorwa kama eneo, na kinachofanya eneo lisomeke kuwa msitu ni ukingo wake.

Majina ya amri yaliyotumika hapa ni ya AutoCAD, programu ya kuchora ramani na majengo kwa kompyuta, na yameandikwa kwa herufi kubwa kama yanavyoingizwa. BricsCAD na ZWCAD hupokea mengi ya majina hayo hayo. Anayetumia programu nyingine atafute amri inayofanya kazi ile ile, kwa kuwa mantiki ya hatua haibadiliki.

## Kiwanja cha mfano

Tuchukue kiwanja cha hekta 8 katika pwani ya Bagamoyo, ambapo mteja anataka kujenga nyumba za wageni. Ndani yake kuna shamba la minazi la hekta 2, mikorosho ya hekta 3, kichaka cha asili cha hekta 1.5 bondeni, ukanda mwembamba wa mikoko upande wa bahari, na takriban miti mikubwa 25, hasa miembe na mibuyu, iliyotawanyika mahali nyumba zitakapokaa. Ramani itachapishwa kwenye karatasi ya A1 kwa skeli ya 1:500. Karatasi hiyo ina milimita 841 kwa 594, kwa hiyo kwa skeli hii hubeba eneo la meta 420 kwa 297. Kiwanja kinaingia, na nafasi ya ufunguo na jedwali la maelezo inabaki.

## Vitu unavyohitaji kabla ya kuanza

- Ramani ya mpima ardhi katika mfumo wa kidijitali, yenye mipaka na kontua, ikiwa kwenye koordineti zake halisi. Kwa Bagamoyo hizo huwa za UTM, mfumo wa kimataifa wa koordineti za meta, kanda ya 37 Kusini.
- Orodha ya miti mikubwa kutoka kwa mpima ardhi katika lahajedwali: namba, koordineti ya mashariki, koordineti ya kaskazini, kipenyo cha mwavuli (matawi na majani ya juu ya mti) na aina ya mti.
- Picha ya juu ya eneo, iwe ya droni au ya setilaiti, yenye uwazi wa kutosha kuona ukingo wa miavuli.
- Programu ya lahajedwali na kihariri cha maandishi matupu kama Notepad.
- Uamuzi wa skeli ya kuchapisha. Hili si la kuahirisha, na hatua ya pili inaeleza sababu.

Iwapo mpima ardhi hakupima miti, mwombe arudi akapime ile mikubwa iliyo karibu na majengo. Kipenyo cha mbuyu hakikisiwi kutoka kwenye picha ya setilaiti halafu msingi wa nyumba ukapangwa kwa makisio hayo.

## Hatua ya 1: Gawa miti katika makundi matatu

Chapisha picha ya juu, chukua kalamu tatu za rangi, na uzungushie maeneo kabla hujagusa kompyuta. Kundi la kwanza ni miti ya mmoja mmoja, ambayo hapa ni ile 25. Kundi la pili ni miti iliyopandwa kwa safu na nafasi zinazojulikana, yaani minazi na mikorosho. Kundi la tatu ni msitu au kichaka ambacho hakuna anayehitaji kujua mti upi uko wapi.

Kundi la pili lina mtego. Mashamba mengi ya zamani ya mikorosho yamepoteza safu zake: mingine imekufa, mingine imejiotea, na miavuli imeshikana hadi safu hazionekani. Ukichora gridi safi juu ya shamba la namna hiyo, ramani itakuwa inasema uongo kwa unadhifu mkubwa. Likikosa safu kwenye picha, lihamishie kundi la tatu.

Kazi ya hatua hii imekamilika pale ambapo kila kipande cha kijani kwenye picha kina rangi moja ya kalamu, na unaweza kueleza kwa nini.

## Hatua ya 2: Hesabu ukubwa wa mti kwenye karatasi

Mwavuli wa mwembe wenye kipenyo cha meta 10 huwa milimita 20 kwenye skeli ya 1:500, milimita 10 kwenye 1:1000, na milimita 4 tu kwenye 1:2500. Mistari iliyo karibu kuliko nusu milimita huonekana kama mstari mmoja mnene. Nusu milimita hiyo ni sentimita 25 ardhini kwa skeli ya 1:500, na ni meta 1.25 kwa skeli ya 1:2500.

Maana yake ni kwamba majani yaliyochorwa kwa umbali wa sentimita kumi hayatasomeka kwenye ramani yetu, hata yawe mazuri namna gani yanapotazamwa kwenye kioo. Yatageuka wino mtupu. Andika pembeni nambari hiyo ya sentimita 25, kwa kuwa ndiyo itakayoamua kila alama utakayotengeneza.

## Hatua ya 3: Fungua faili la miti peke yake

Usichore miti ndani ya ramani ya mpima ardhi. Anzisha faili jipya, uliite MITI, weka kizio kuwa meta (INSUNITS iwe 6), kisha uiambatishe ramani ya mpima ardhi kama rejeo la nje, yaani faili linaloonekana ndani ya jingine bila kunakiliwa humo, kwa amri ya XREF, kwenye nukta 0,0,0. Baadaye faili la MITI nalo litaambatishwa kwenye ramani kuu kwa njia hiyo hiyo. Faida yake ni kwamba msanifu majengo asiyetaka kuona miti anaweza kuiondoa kwa mbofyo mmoja, na ramani mpya ya mpima ardhi ikifika hutalazimika kuhamisha mti hata mmoja.

Picha ya juu iingize kwa IMAGEATTACH, kisha ilinganishe na ramani kwa ALIGN ukitumia nukta mbili zinazoonekana katika zote mbili, kama pembe ya jengo na makutano ya barabara, ukikubali picha ipanuliwe au ipunguzwe ipasavyo. Hakikisha kwa nukta ya tatu. Ikiwa imepotoka kwa zaidi ya meta moja au mbili, tafuta nukta nyingine zilizo mbalimbali zaidi.

Fungua matabaka, au leya kama wachoraji wengi wanavyoyaita, kwa majina yanayojieleza: MITI-BAKI kwa itakayobaki, MITI-KATA kwa itakayokatwa, MITI-SAFU, MITI-UKINGO, MITI-JAZO, MITI-NAMBA, na MITI-MPAKA ambalo utaliwekea alama ya kutochapishwa. Kalamu ya milimita 0.25 inatosha kwa ukingo wa msitu na 0.13 kwa mistari ya ndani. Mti usionekane mnene kuliko ukuta wa jengo.

## Hatua ya 4: Tengeneza bloku nyepesi

Bloku tatu zinatosha kiwanja chote, na zote zichorwe kwenye tabaka 0, kwa sababu vitu vilivyochorwa kwenye tabaka hilo hufuata rangi na unene wa tabaka ambamo bloku imewekwa. Hivyo mti ule ule unaweza kuwa wa kubaki au wa kukatwa bila kuchorwa upya.

Ya kwanza, MTI1, ni mduara wenye kipenyo cha meta 1 hasa, na nukta ya kushikia iwe katikati. Kipenyo hicho ni cha makusudi: ukiiweka kwa ukubwa wa 9.5, mwavuli utakuwa wa meta 9.5 bila hesabu yoyote ya ziada. Ya pili, MNAZI, iwe na kipenyo cha meta 8 na mistari sita inayotoka katikati, kwa kuwa mnazi ndio mti pekee hapa ambao umbo lake la juu hutambulika. Ya tatu, NAMBA, iwe na kinukta cha shina pamoja na nafasi moja ya maandishi yanayobadilika, utakayoitengeneza kwa ATTDEF.

Sababu ya kutenganisha NAMBA na mwavuli ni kwamba maandishi yaliyo ndani ya bloku hukua pamoja nayo. Ukiyaweka ndani ya MTI1, mbuyu wa meta 15 utakuwa na namba kubwa kama jina la ramani.

Usizivunje bloku kwa EXPLODE kwa sababu yoyote ile. Ukizivunja, ule unafuu wa faili dogo hutoweka, na kuhesabu miti huwa ni kuhesabu miduara.

## Hatua ya 5: Weka miti ya mmoja mmoja kwa skripti

Hapa ndipo muda mwingi hupotea bila sababu. Miti 25 inaweza kuwekwa kwa mkono, lakini mpima ardhi akileta 400, mkono utakosea. Skripti ni faili la maandishi lenye amri ambazo programu huzitekeleza moja baada ya nyingine, na lahajedwali ndilo litakaloziandika. Lahajedwali halichoki.

Tuseme safu A ya lahajedwali ina namba ya mti, B ina koordineti ya mashariki, C ya kaskazini, na D kipenyo cha mwavuli. Kwenye safu tupu andika fomula hii na kuiteremsha hadi mti wa mwisho:

`="-INSERT MTI1 "&B2&","&C2&" "&D2&" "&D2&" 0"`

Kwenye safu inayofuata andika ya namba:

`="-INSERT NAMBA "&B2&","&C2&" 1 1 0 "&A2`

Matokeo yatakuwa mistari ya namna hii:

`-INSERT MTI1 489210.4,9288415.7 9.5 9.5 0`
`-INSERT NAMBA 489210.4,9288415.7 1 1 0 M07`

Panga orodha kwa hali ya mti kabla ya kunakili, ili ya kubaki iwe pamoja na ya kukatwa iwe pamoja. Nakili mistari hiyo kwenye Notepad, kisha juu kabisa ongeza mistari mitatu: `OSMODE 0` (huzima unasaji wa nukta), `ATTDIA 0` (namba ya mti iulizwe kwenye mstari wa amri, si kwenye kisanduku) na `CLAYER MITI-BAKI` (huchagua tabaka la kuchorea). Kabla ya mti wa kwanza wa kukatwa ongeza `CLAYER MITI-KATA`, na kabla ya namba `CLAYER MITI-NAMBA`. Hifadhi faili kwa kiambishi cha .scr, kisha uliendeshe kwa amri ya SCRIPT.

Mambo manne huharibu kazi hii, na karibu kila anayelalamika kuwa skripti haifanyi kazi huwa ameanguka kwenye mojawapo.

La kwanza ni nafasi tupu. Ndani ya skripti, nafasi na mwisho wa mstari vyote ni sawa na kubonyeza Enter, kwa hiyo nafasi moja iliyosahaulika mwishoni mwa mstari, au mstari mtupu katikati, hurudia amri iliyopita na kuvuruga yote yanayofuata.

La pili ni unasaji wa nukta, yaani programu kuivuta nukta hadi kwenye pembe au mstari ulio karibu. Kwa mpangilio wa kawaida wa AutoCAD, koordineti zinazoandikwa kwa mkono haziathiriwi na unasaji, lakini zile za skripti huathiriwa. Miti hurukia pembe za majengo yaliyo karibu. Ndiyo sababu ya OSMODE 0.

La tatu ni bloku iliyotengenezwa kwa sharti la kupanuka sawasawa pande zote. Bloku ya namna hiyo huulizwa ukubwa mara moja badala ya mbili, na mfuatano wa majibu unakwenda mrama. Ingiza mti mmoja kwa mkono kwanza, usome maswali yanavyokuja, kisha ulinganishe na mstari wako.

La nne ni kubadilisha mashariki na kaskazini. Katika eneo letu koordineti ya mashariki ina tarakimu sita na ya kaskazini ina saba. Ukizigeuza, miti itaota maelfu ya kilomita mbali, na ukitazama mchoro wote kiwanja kitakuwa kinukta kisichoonekana.

Skripti ikikubali, utaona miduara ikikaa juu ya miavuli ya picha, kila mmoja na namba yake. Chagua mitatu iliyo mbalimbali na ulinganishe koordineti zake na orodha ya mpima ardhi.

## Hatua ya 6: Mashamba yaliyopandwa kwa safu

Minazi hupandwa mara nyingi kwa pembetatu yenye meta 9 kila upande, na mikorosho kwa mraba wa meta 12. Pima kwenye picha uthibitishe, usichukue nambari hizi kwa imani.

Kwa mikorosho, weka MTI1 moja yenye kipenyo cha meta 10 kwenye kona ya shamba, kisha tumia ARRAYRECT kwa nafasi ya meta 12 kwa 12, ukitengeneza gridi kubwa kuliko shamba. Zima chaguo la kuunganisha gridi iwe kitu kimoja. Gridi iliyounganishwa ni rahisi kuhariri, lakini njia ya kukata iliyo hapa chini huichukua yote kama kitu kimoja, si mti mmoja mmoja.

Pembetatu haina amri yake, lakini hupatikana kwa gridi mbili. Chora ya kwanza kwa meta 9 kati ya miti ya safu moja na meta 15.588 kati ya safu na safu. Kisha inakili yote kwa kuisogeza meta 4.5 upande mmoja na meta 7.794 upande mwingine. Umbali kutoka mnazi wowote hadi jirani zake sita lazima uwe meta 9. Pima kwa DIST.

Igeuze gridi kwa ROTATE hadi safu zilingane na za pichani. Sasa inabaki kukata iliyozidi, na hapa naomba msomaji apunguze mwendo.

Funga matabaka yote isipokuwa MITI-SAFU. Nasema yafunge (Lock) au yagandishe (Freeze), usiyazime (Off) tu. Anza ERASE, andika ALL, kisha R ili kuondoa vitu kwenye uteuzi, kisha WP (uteuzi kwa umbo la pembe nyingi), na ubonyeze pembe za mpaka wa shamba moja baada ya nyingine. Miti iliyo ndani ya mpaka huondolewa kwenye uteuzi, na iliyobaki nje hufutwa. Sababu ya kusisitiza kufunga ni kwamba ALL huchukua pia vitu vilivyo kwenye tabaka lililozimwa. Niliwahi kufuta miti yote mikubwa ya kiwanja kizima kwa namna hiyo, nisigundue hadi siku ya pili, kwa sababu tabaka lake lilikuwa limezimwa na sikuona chochote kikitoweka.

Shamba la minazi likifuata baada ya mikorosho, ihamishie mikorosho kwanza kwenye tabaka lake jingine lililofungwa, la sivyo ALL itaifuta.

WP huokoa miti iliyo ndani kabisa tu. Ukitaka ile inayogusa mpaka nayo ibaki, tumia CP badala yake. Kwa vyovyote, hakikisha shamba zima linaonekana kwenye kioo unapobonyeza pembe. Mwisho, pitia picha ufute kwa mkono mahali palipo na mapengo.

## Hatua ya 7: Chora ukingo wa msitu

Kichaka cha hekta 1.5 hakina haja ya mti hata mmoja. Kina haja ya ukingo unaosomeka kama miavuli iliyopangana, na zipo njia mbili nzuri.

### Njia ya wingu

Kwenye tabaka MITI-MPAKA, fuata ukingo wa miavuli pichani kwa polilaini (mstari mmoja wa vipande vilivyoungana) iliyofungwa, ukiweka pembe zake mbalimbali. Usifuate kila jani: vipande vifupi huzaa matao madogo yaliyobanana. Inakili polilaini hiyo mahali pale pale kwa COPY, ukiisogeza 0,0, kwa sababu amri inayofuata inaweza kuifuta ya asili, nayo utaihitaji kwa kupima eneo.

Sasa endesha REVCLOUD, weka urefu wa tao, chagua Object, na uguse nakala, kisha uihamishie MITI-UKINGO. Matoleo ya zamani huomba urefu mdogo na mkubwa, na mkubwa hauruhusiwi kuzidi mara tatu ya mdogo; matoleo mapya huuliza urefu mmoja wa kukadiria. Kwa skeli ya 1:500, meta 3 hadi 6 zinafaa kichaka chenye miti ya wastani, kwa kuwa kwenye karatasi ni milimita 6 hadi 12. Kwa mikoko tumia meta 2.

Matao lazima yavimbe kutoka kwenye miti kuelekea uwandani. Yakivimba ndani, jibu ndiyo pale amri inapouliza kama ugeuze upande. Uwazi ulio katikati ya kichaka huchorwa kwa wingu lake lenyewe, na hapo matao huvimba kuelekea ndani ya uwazi, maana miti iko nje yake.

### Njia ya miduara iliyounganishwa

Wingu lina udhaifu mmoja: matao yake hufanana mno. Ukitaka ukingo unaoonekana wa asili, weka miduara ya vipenyo vitatu au vinne tofauti, tuseme meta 4, 6, 7 na 9, kando ya ukingo, kila mmoja ukipishana na jirani yake. Hii iwe miduara ya kawaida, si bloku. Igeuze kwa REGION, iunganishe kwa UNION, na mistari yote ya ndani itatoweka ukabaki mzingo mmoja wenye matao makubwa kwa madogo. Ukitaka upande wa ndani wa mkufu huo usionekane, ongeza umbo moja lililofungwa linalojaza katikati kabla ya kuunganisha.

Mimi hutumia njia hii kwa ukingo unaopakana na majengo, mahali ambapo jicho la mteja hutua, na wingu kwa kwingine kote. Inachukua muda zaidi, na hakuna sababu ya kuipoteza saa kwenye kona ya kiwanja ambayo hakuna atakayeitazama.

Mikoko ina jambo la ziada. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka ukanda wa meta 60 kutoka ufukwe wa bahari, ukingo wa mto au wa ziwa, ambamo shughuli za kudumu au zenye kuhatarisha mazingira haziruhusiwi. Mstari huo wa meta 60 uwe na tabaka lake na utoke kwa mpima ardhi. Usiuchore kwa kukadiria kutoka ukingo wa mikoko.

## Hatua ya 8: Jaza ndani kwa uchache

Msomaji wa ramani akishaona ukingo, ameelewa. Ndani ya kichaka weka maandishi, kwa mfano "Kichaka cha asili, hekta 1.5", na eneo ulisome kutoka kwenye polilaini ya MITI-MPAKA. Ukiona panabaki peupe mno, tawanya matao mafupi machache karibu na ukingo na uache katikati wazi.

Rangi nyepesi nayo inafaa. Ukiwa kwenye tabaka MITI-JAZO, tumia HATCH ya rangi kamili ya kijani iliyofifia kwenye polilaini ya MITI-MPAKA, si kwenye wingu, kwa kuwa mpaka wenye mamia ya matao huchelewesha ujazaji. Kisha uipeleke nyuma kwa HATCHTOBACK. Usitumie rangi nzito ukaifanya ipenyeze nuru: ili uangavu huo uchapishwe, plota hulazimika kuigeuza ramani kuwa picha, na kazi ya dakika moja huwa ya kumi. Chagua rangi ambayo tayari ni hafifu.

Kuhusu vivuli vya miti vinavyokuja na bloku za intaneti, viache. Vingi vimechorwa kwa jua la nchi za kaskazini. Bagamoyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, na kivuli cha adhuhuri huelekea kusini miezi mingine na kaskazini miezi mingine.

## Hatua ya 9: Hesabu

Chagua miti kwa QSELECT ukitumia jina la bloku, au tumia BCOUNT iliyo kwenye zana za Express. Linganisha na hesabu ya karatasi: minazi kwa pembetatu ya meta 9 hutoa takriban miti 143 kwa hekta, yaani 286 kwa hekta 2, mikorosho ya meta 12 kwa 12 hutoa takriban 69 kwa hekta, yaani kama 208 kwa hekta 3. Tofauti ndogo hutokana na umbo la mpaka na mapengo.

Ukipata minazi 570, gridi imewekwa mara mbili. Miti miwili iliyolaliana barabara haionekani kwenye kioo wala kwenye karatasi. Hesabu pekee ndiyo huifichua. Hali hiyo hiyo huwapata wanaoendesha skripti mara ya pili bila kufuta matokeo ya kwanza.

## Hatua ya 10: Chapisha jaribio

Endesha AUDIT ili kukagua makosa ya faili, kisha PURGE ili kuondoa bloku na matabaka yasiyotumika, hasa zile bloku za mistari mia tatu ulizojaribu mwanzoni. Ambatisha faili la MITI kwenye ramani kuu kwenye 0,0,0, na utoe PDF ya ukubwa kamili.

Chapisha kipande kimoja cha A4 kwa skeli ile ile ya 1:500, mahali ambapo kichaka, kontua na jengo vinakutana, na kikague ukiwa umekishika kwa umbali wa mkono. Namba za kontua zilizo ndani ya kichaka zisomeke. Ukuta wa jengo uonekane kabla ya mti. Miti ya kukatwa itofautike na ya kubaki hata ikichapishwa bila rangi. Ikiwa haitofautiki, badilisha mstari wa tabaka la MITI-KATA uwe wa vipande. Unapokabidhi kazi, tuma faili la MITI pamoja na ramani kuu katika folda moja, la sivyo mpokeaji atafungua kiwanja kisicho na mti hata mmoja.